Urafiki wa Mbali na Amani ya Lupango
Mazungumzo yaliyotolewa redioni, Katoto, Kamina

Salamu kwa mama zetu wanaopanga bidoni kwenye bomba tangu alfajiri. Salamu kwa baba wa reli, kwa mashefu wa kartie na wa avenyu. Na salamu za pekee kwa ninyi jamaa mliofika hapa Katoto na vitu vyenu kichwani, mkitoka Mitwaba, Malemba-Nkulu, Bukama, na wengine mbali zaidi. Leo sitasema juu ya bunduki. Nitasema juu ya barua, na juu ya pesa iliyomo ndani ya barua.

Wiki hizi nimeletewa kesi ya nyumba mbili za lupango mmoja ambazo zilikuwa karibu kushikana mapanga. Sababu ni rafiki wa Ulaya aliyetuma pesa, na kila nyumba inasema pesa ni yake. Kesi hiyo iko mbele ya wazee, sitaigusa. Nitawapa ya kwetu, maana ya kwetu naijua mpaka chini ya chungu.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Aliyezaliwa Kamina anajua maana yake. Reli inatoka Lubumbashi, ikifika hapa inagawanyika: moja inakwenda Kananga mpaka Ilebo, nyingine, ile iliyounganishwa na Kabalo mwaka wa 1956, inaelekea Kalemie. Kwa hiyo kila taabu ya nchi hii inapita kwetu, yenye tikiti na isiyo na tikiti.

Miaka ya 1980 palikuwa na mtu na mke wake, Wabelgiji, waliofundisha hapa mjini kwa mambo ya ushirikiano. Mama aliwauzia mboga. Polepole yule mama Mzungu akazoea kuja kwetu saa za jioni, akaketi kwenye kigoda, akachambua sombe pamoja na mama, vibaya sana, mama alikuwa anarudia nyuma yake. Hivyo ndivyo urafiki ulivyoanza. Haukuanza kwa msaada.

Ninyi wazee mnakumbuka mwaka wa 1990. Baada ya damu kumwagika kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi, usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei, urafiki wa serikali ya Ubelgiji na serikali ya Zaire ulikatika. Walimu wa ushirikiano wakafunga masanduku. Wale wetu wakaondoka pia. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni, haya nimeyasikia tu. Lakini barua nimeziona, maana mama alizitunza katika sanduku la bati chini ya kitanda. Serikali mbili zilikuwa zimenuniana, na wanawake wawili waliendelea kuandikiana juu ya meno ya watoto na juu ya magoti yanayouma. Posta ilikuwa imekufa. Barua zilisafiri kwa mkono: msafiri wa Lubumbashi alimpa msafiri wa Zambia, huyo akazitia posta kule. Barua moja ilichukua miezi saba. Ilipofika ilisema: natumaini homa ya mtoto imepona. Mtoto alikuwa amekwisha pona, akaugua tena, akapona tena.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo habari inapogeuka.

Mama alikuwa na rafiki mwingine, waliyekua naye pamoja Likasi. Huyo aliolewa huko huko Likasi, na jamaa yake walikuwa watu wa Kasai. Mnajua yaliyofanyika katika Katanga kati ya mwaka wa 1992 na 1994. Watu waliozaliwa hapa, baba zao walizaliwa hapa, wakaambiwa: rudini kwenu. Wakasongamana kwenye gare za Likasi na Kolwezi, wakalala nje wiki kwa wiki wakingoja treni, wengi wakafia pale pale, hasa watoto. Treni hizo zilipita hapa Kamina. Mwaka wa 1993 mama alikwenda gare na ndoo ya maji na bukari iliyofungwa kwa kitambaa, akapita behewa kwa behewa akiita jina la rafiki yake, mpaka akamwona. Walizungumza dirishani, dakika chache. Watu wengine wa mji huu walimcheka mama siku ile, na wengine walimtukana. Sisemi ni nani. Wamo wanaonisikiliza, na wamo walioleta maji yao wenyewe kwa treni iliyofuata.

Rafiki yule alishukia Mwene-Ditu, mji asioujua, katika nchi iliyoitwa kwao. Akaanza kutuandikia kwa mkono wa watu wa treni. Na hapo, ndugu zangu, sisi wa Kamina ambao tulijihesabu maskini tukawa Wazungu wa mtu mwingine.

Kila barua iliomba kitu. Chumvi. Nguo za watoto. Samaki mkavu wa Kisale. Mama alituma alichoweza. Mwisho wa mwaka ule alikusanya pesa kidogo kidogo, akaitia katika bahasha. Lakini tarehe 22 Oktoba 1993 serikali ilikuwa imebadilisha pesa: zaire mpya moja kwa milioni tatu za zamani. Mama alituma zile mpya, safi, akijivunia. Basi Kasai nzima ilikataa pesa ile mpya, watu kule waliendelea kununua na kuuza kwa zaire za zamani. Bahasha ilifika, lakini haikununua hata kiberiti. Rafiki yake akaandika asante bila kusema lolote juu ya hilo. Tulilijua baadaye kwa mtu wa treni.

Mara ngapi mtu wa mbali anatutumia kitu ambacho huku hakinunui kiberiti, nasi tunaandika asante?

Kisha mama akachoka. Mshahara wa baba ulikuwa unakawia miezi, na barua za Mwene-Ditu ziliendelea kufika. Akaanza kuchelewa kujibu. Siku moja mtu wa treni alibisha hodi, mama akatutuma tuseme hayupo. Alikuwa nyuma ya nyumba, anapepeta unga. Mimi ndiye niliyetumwa. Nasema haya si kwa kumwaibisha mama, yeye mwenyewe amenipa ruhusa niseme. Nasema ili wewe unayemngoja rafiki wa Ulaya ajibu, na unayemlaani kwa kukawia, ujue kwamba pengine naye yuko nyuma ya nyumba anapepeta unga. Mtu anaweza kumpenda rafiki yake na kuiogopa barua yake, vyote kwa siku moja.

Tuje kwenye lupango wetu. Mwaka wa 2005 vita ya Mayi-Mayi na jeshi ilikuwa kali katika Mitwaba na pande za Upemba. Zaidi ya watu laki moja walikimbia vijiji vyao. Gédéon alijitoa kwa MONUC Mei 2006, lakini kabla ya hapo vijiji vingi vilikuwa majivu. Jamaa moja ilifika kwetu: mama mmoja na watoto wanne, bila baba. Wazazi wangu waliwapa chumba cha nyuma kilichokuwa cha makala. Tuliishi pamoja, tulikula pamoja, nami nilifundishwa na kijana wao mkubwa kushona wavu wa samaki, kazi isiyo na faida yoyote Kamina, ila tulicheka.

Wakati ule barua zilikuwa zimeanza kwenda kwa kompyuta. Dada yangu alipiga picha ya watoto wote wa lupango, sisi watano na wao wanne, akaituma Ubelgiji na kusema: hawa ndio watoto wa nyumba yetu sasa. Hakusema uongo. Baada ya wiki chache walituma euro 300, na barua: pesa hii ni kwa masomo ya watoto wote wa kwenye picha.

Watoto tisa. Mama alilipa minervali ya wote tisa, muhula wa kwanza. Muhula wa pili baba hakulipwa, bei ya unga ilipanda, nami nilikuwa karibu kufikia mtihani wa Serikali. Mama akalipa ya sisi watano tu. Wale wanne wakafukuzwa masomoni, wakaambiwa na mama kwamba pesa ya Wazungu imekwisha.

Lakini barua ilikuwa mezani. Kijana wao mkubwa alijua Kifaransa. Akamsomea mama yake neno kwa neno: watoto wote wa kwenye picha.

Yule mama hakupiga kelele. Alifagia chumba, akamrudishia mama sufuria aliyoazimwa, akaondoka na wanawe kwenda kukaa na wakimbizi wengine upande mwingine wa mji. Siku mbili baadaye habari ilikuwa kwenye bomba: ile nyumba ya mtu wa reli inauza picha za wakimbizi. Vijana wakaja usiku, wakapiga bati letu kwa mawe. Baba akataka kwenda na fimbo. Jirani mmoja ndiye aliyemshika. Kama si jirani yule, mimi leo ningekuwa mtoto wa muuaji au wa marehemu, wala nisingekuwa na la kuwafundisha.

Mimi nilifaulu mtihani. Nikaenda Lubumbashi, nikasoma sheria, nikapata digrii. Ninapowaambia haki yenu ni hii na hii, ninasimama juu ya minervali ya watoto wanne. Nimekaa na jambo hili miaka mingi.

Sasa mnaniuliza, wewe mwanasheria, pesa ile ilikuwa ya nani? Sheria yetu ya Familia, ile ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inajua zawadi, na inajua pia kwamba mtoaji anaweza kufungia zawadi yake sharti. Anayepokea zawadi yenye sharti anapokea vyote viwili. Na anayeshika pesa aliyopewa kwa kazi fulani, akaitumia kwa faida yake, mahakama ya jinai ina jina lake: abus de confiance. Watu wanapelekwa gerezani kwa hilo. Mama yangu hakujua. Alijua tu kwamba rafiki ni wake, alimfundisha kuchambua sombe, basi kinachotoka kwa rafiki ni chake. Nadhani wengi wenu mnafikiri hivyo hata leo, na ninaelewa. Rafiki ni wako kweli. Lakini picha ilikuwa ya watoto tisa.

Ninyi jamaa mliokimbia vita, nawaambia neno ambalo halisemwi mara nyingi: uso wako ni wako. Mtu akitaka kukupiga picha aipeleke mbali, una haki ya kuuliza inakwenda kwa nani, na kwa maneno gani. Unaweza kukataa na bado ukabaki katika lupango. Na mkae mkijua kwamba Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inasema Mkongomani hawezi kulazimishwa kukaa nje ya makao yake ya kawaida, na inampa kila mtu haki ya kwenda na kukaa mahali popote katika Jamhuri. Maana yake mna haki ya kurudi Mitwaba, na mna haki ya kukaa Katoto. Hamko hapa kwa huruma ya mwenye lupango peke yake.

Kwa mashefu nitakuwa mfupi, na mkinikasirikia, mnajua nyumba yangu. Wakati ule shefu mmoja alisikia habari ya euro, akaja kudai matabishi, akasema kila pesa ya Ulaya lazima ipite kwake, na barua zifunguliwe mbele yake. Ndugu shefu, kifungu cha 31 cha Katiba hiyo hiyo kinalinda siri ya barua na ya simu. Huna kodi juu ya urafiki wa mtu. Na angalia kilichotokea: kwa kuwa shefu alikuwa amekwisha kula matabishi, siku mawe yalipoanguka juu ya bati hakuweza kuita mkutano. Angesema nini? Shefu aliyekula hana tena kiti cha kukalia katikati ya watu wawili wanaogombana.

Kuna wanaoniuliza: basi tuache urafiki hizi za mbali, zinaleta fitina? Mimi sikubali. Watu wa Katoto wenye ndugu na marafiki Lusaka, Johannesburg, Brussels pale Matonge, wataendelea kupokea, tena siku hizi pesa inaingia kwenye simu ya mkono kabla hujamaliza kunywa chai, hakuna anayeona bahasha. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Barua ya zamani ilikuwa na mashahidi: aliyeileta, aliyeisoma, watoto waliogombania stempu. Ujumbe wa simu una shahidi mmoja tu, naye ndiye anayepokea. Kwa hiyo nyumba nyingine hapa Katoto wameanza desturi, nami naipenda: pesa ikifika kwa jina la wengi, ujumbe unasomwa kwa sauti jioni, kila mtu akiwepo, pamoja na sharti lake, na mtoto anayejua kuandika anaandika katika daftari. Pesa ikipungua, inasemwa imepungua. Mama yangu angesimama muhula wa pili na kusema, unga umepanda, nimeshindwa, tufanye nini? Pengine wangechagua watoto wawili wa huku na wawili wa kule. Pengine wangegombana. Lakini wangegombania jambo wanalolijua wote.

Na jambo moja dogo. Rudisheni kitu. Yule mama wa Ubelgiji kwa miaka yote hakupata kutoka kwetu ila asante na maombi. Siku moja dada yangu alimwandikia namna ya kupika sombe, pamoja na kumkumbusha makosa yake ya zamani, akajibu kwa karatasi nne, nyingi kuliko barua zake zote. Kumbe alikuwa na kiu ya kuambiwa kitu ambacho si shida.

Mwaka wa 2013, nilipomaliza chuo, nilimwandikia nikamweleza yote: picha, muhula wa pili, mawe. Nilingoja jibu kwa hofu, maana nilijua pengine nimeua urafiki wa miaka zaidi ya ishirini. Mume wake alikuwa amekwisha kufa. Jibu lilichukua miezi mitatu. Aliandika kwamba zile euro 300 hazikuwa zake zote. Alizikusanya kwa majirani wa mtaa wake, na ili watoe aliwaambia kwamba sisi watano ni yatima. Baba yangu alikuwa hai, anakunywa chai yake mlangoni nilipomsomea. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akanyamaza, akasema: huyu naye alikuwa na bomba lake.

Basi pande zote mbili tulikuwa tumeikunja kweli kidogo ili pesa isafiri. Mimi sikumhukumu. Nilimwomba tu awaambie majirani zake kwamba mtu wa reli anaishi. Alisema aliwaambia, na kwamba mmoja tu ndiye aliyekasirika.

Yule kijana mkubwa nilimtafuta. Nilimpata kwa watu wa samaki, yuko upande wa Malemba-Nkulu, ana wake na watoto. Nilimtumia kwa simu minervali ya binti yake, mwaka wa 2019, naye akaniletea kwa treni gunia la samaki na wavu mdogo aliousuka, nimeutundika ukutani. Tunaandikiana. Mama yake bado hajataka kuzungumza nami. Mama yangu ametuma salamu mara tatu, na safari ya mwisho alituma ile sufuria. Haijarudi. Kwetu tunachukua hilo kuwa jambo jema, ila hatujui.

Na wa Mwene-Ditu? Baada ya miaka mingi ya kimya, mama alipanda treni mwenyewe. Walikaa siku tisa pamoja. Nilimuuliza walizungumza nini juu ya siku ile aliyojificha nyuma ya nyumba. Akasema rafiki yake alikuwa anajua tangu zamani, mtu wa treni alisikia ungo.

Wenye neno au swali juu ya mazungumzo haya, walete karatasi zao kwenye mlango wa redio kabla ya Alhamisi. Wasiojua kuandika waje asubuhi, nitakuwepo, tutaandika pamoja.